Chai za mitishamba zina lishe gani, na je, zinaongeza damu?

Swali la msomaji wa Kisauni:

"Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na mdogo mwaka na nusu, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Kliniki nimepimwa damu nikaambiwa ni 9.6, nikapewa vidonge. Mama mkwe wangu ananihimiza niache chai ya majani ninywe mchaichai, tangawizi, nanaa, rozela na unga wa mronge. Asema chai hizi zina vitamini zote, na rozela kwa ule wekundu wake huongeza damu haraka. Chai hiyo hiyo hunywa mume wangu, ambaye ana presha na anatumia dawa, na watoto pia. Naomba kujua: chai hizi zina virutubisho gani hasa? Nizitengeneze vipi zisipoteze faida? Na je, damu itapanda?"

Jibu:

Waalaikum salaam dada, na hongera kwa ujauzito. Swali lako la mwisho ndilo zito, kwa hiyo nalitanguliza. Damu haitapanda kwa chai hizi. Si kwa mchaichai, si kwa tangawizi, si kwa rozela, wala kwa unga wa mronge uliotiwa maji moto. Kitakachoipandisha ni vidonge ulivyopewa pamoja na chakula chenye madini ya chuma. Chai inaingia hapo kwa njia nyingine: ikinywewa saa isiyofaa, yaweza kukizuia kile chuma kisiingie mwilini. Ukishika jambo moja tu katika haya yote, shika hili, kwamba saa unayokunywa chai ina uzito kuliko jina la jani.

Kwanza tuiweke sawa hiyo 9.6. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limehesabu kuwa mjamzito mwenye himoglobini (ile protini nyekundu ya damu yenye chuma, ndiyo uliyopimwa) chini ya 11 ana upungufu wa damu. Mwaka 2024 lilishusha mpaka huo hadi 10.5 kwa miezi ya katikati ya mimba, yaani hapo ulipo wewe. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili umepungukiwa, na si kidogo cha kupuuza. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za chuma kwa siku. Kidonge kinachotolewa kwa kawaida katika kliniki zetu za Kenya kina miligramu 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kumbuka hesabu hizo, tutazihitaji.

Sasa, ndani ya kikombe mna nini? Chukua kikombe cha kawaida cha mililita 240 cha chai ya majani ya mitishamba, bila sukari wala maziwa. Kina kalori mbili hivi, potasiamu kama miligramu 20, kalsiamu kama miligramu 5, na chuma chini ya robo ya miligramu moja. Protini hamna, mafuta hamna. Ungekunywa vikombe kumi usingefika miligramu mbili na nusu za chuma, na tumesema wahitaji 27. Hali iko hivi kwa sababu mbili. Madini mengi yamefungwa ndani ya jani lenyewe, na jani tunalichuja tukalitupa. Na vitamini A, E na K huyeyuka kwenye mafuta, haziyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hata jani likiwa nazo tele zinabaki kwenye chujio.

Vitamini C huyeyuka kwenye maji, lakini moto na hewa huiharibu. Na hapa kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya: kupima vitamini C kwa ukali wa ulimi. Gramu 100 za rozela mbichi zina miligramu 12 za vitamini C. Chungwa kwa uzito huo huo lina kama 53. Ukwaju, pamoja na ukali wake wote, una kama 3.5 tu. Pera, tamu lisilokuwa na ukali wowote, lina 228. Ukiikausha ile rozela juani, ikakaa miezi gulioni, kisha ukaichemsha, kinachobaki ni kidogo mno. Ukali ni asidi za tunda, na vitamini C ni jambo jingine.

Je, basi chai hizi hazina faida? Zina, tena mimi ni mtu wa kuzitetea. Zinakupa maji, na mjamzito katika joto la Mombasa anayahitaji sana. Hazina kafeini, wakati kikombe cha chai ya majani kina kama miligramu 47 na cha kahawa kama 95. Zina viambata vya harufu na rangi ambavyo vingine vina kazi mwilini, kama nitakavyoeleza kwa tangawizi na rozela. Na ukizinywa bila sukari zinaondoa mezani kitu kibaya zaidi. Lakini hizo ni faida za kinywaji. Usizidai kazi ya chakula.

Tuje kwenye chuma, kwani hapa ndipo pana hasara isiyoonekana. Majani ya chai na mitishamba mingi yana viambata viitwavyo polifenoli, na tanini ni mojawapo. Zikikutana na chuma cha nafaka, kunde na mboga ndani ya tumbo hushikamana nacho, na kikishashikwa utumbo hauwezi kukifyonza, kinatoka na choo. Huenda umewahi kuliona jambo hili bila kulitambua. Chai ya rangi iliyopikwa kwa maji yenye kutu ya bomba au ya tangi kuukuu huwa nyeusi ti, na juu yake hukaa utando kama wa wino. Ule weusi ni tanini iliyoshika chuma. Jambo hilo hilo linatokea tumboni, ila huko hulioni.

Mwaka 1999 jarida la British Journal of Nutrition lilitoa utafiti uliopima vinywaji mbalimbali vilivyonywewa pamoja na mkate. Chai ya majani ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Watu wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba chai ya nanaa aina ya pepaminti ilipunguza kwa asilimia 84, na chai ya kamomaili kwa 47. Kwa hiyo mtu aliyeacha chai ya majani akahamia nanaa kwa ajili ya damu, na bado anainywa pamoja na mkate wake, hakubadilisha kitu. Utafiti huo pia ulionyesha kuwa kuongeza maziwa hakukusaidia.

Fikiria chakula cha asubuhi cha nyumba nyingi hapa kwetu: mahamri, mbaazi za nazi, chai. Unga wa ngano wa pakiti hapa Kenya hutiwa chuma kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 2012. Mbaazi nazo zina chuma chake. Yaani sahani hiyo si masikini hata kidogo. Kisha kikombe kinakuja kuteremshia tonge, na sehemu kubwa ya chuma hicho inapotea. Hamri halina kosa wala chai haina kosa, ila havifai kukutana.

Basi fanya hivi. Asubuhi kula mahamri na mbaazi zako, uteremshie kwa maji, na umalize kwa pera, chungwa au kipande cha papai. Vitamini C hukisaidia chuma cha mimea kufyonzwa, ilimradi viwe katika mlo mmoja. Pera la jioni halisaidii mbaazi za asubuhi. Ukihisi chakula hakishuki bila kitu cha moto, maji ya moto yaliyokamuliwa ndimu yatafaa, mradi kiungulia hakikusumbui. Ukila saa moja, chai iwe saa tatu. Chakula cha mchana kikiwa saa saba, chai ya jioni iwe saa kumi. Kusubiri saa moja hupunguza kizuizi kama nusu. Saa moja na nusu au mbili ni bora zaidi kwa mtu mwenye damu ya 9.6. Kidonge kimeze saa nne usiku unapokwenda kulala, kiasi cha saa mbili baada ya chakula, kwa maji matupu au maji ya chungwa. Usikimeze kwa chai, wala kwa maziwa, maana kalsiamu nayo hushindana na chuma. Ukipata kichefuchefu, kimeze na chakula kidogo, ni afadhali hivyo kuliko kukiacha. Choo kitakuwa cheusi, na hilo lisikutishe. Tumbo likifunga, ongeza maji na matunda.

Chuma cha nyama na samaki hakizuiliwi sana na chai, na hata kipande kidogo chake husaidia chuma cha mboga kilicho sahani moja. Tuna bahari mlangoni, tuitumie. Gramu 100 za pweza aliyechemshwa zina chuma kama miligramu 9.5. Bakuli la supu ya pweza yenye vipande vya kutosha lakupa zaidi ya birika zima la mitishamba. Apikwe aive vizuri kwa sababu una mimba. Dagaa, kunde, maini mara moja kwa wiki (si kila siku, kwa sababu ya wingi wa vitamini A), mchicha wenye kachumbari ya ndimu pembeni: hivyo ndivyo vyakula vya damu.

Sasa nizipitie chai zenyewe ulizozitaja.

Rozela, ambayo wengine huiita karkade au choya, haina damu ndani yake. Wekundu wake ni rangi ya mmea iitwayo antosiani, ya ukoo mmoja na rangi ya zambarau za kula. Utaijua tabia yake ukiipika kwa maji ya kisima: yakiwa na chumvi na chokaa nyingi, chai hutoka ya urujuani iliyofifia badala ya nyekundu, ukidondosha ndimu, wekundu hurudi papo hapo. Rangi inayogeuka kwa tone la ndimu haina uhusiano wowote na himoglobini yako. Kuna jambo zito zaidi: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba rozela ni salama kwa mjamzito, kwa hiyo wewe iache kabisa mpaka ujifungue. Huu ni ushauri wa tahadhari. Kama umeshakunywa kikombe kimoja au viwili usifadhaike.

Kwa mume wako mambo ni tofauti. Rozela ni mojawapo ya chai chache zenye ushahidi wa maana juu ya presha. Mwaka 2010 ulitolewa utafiti wa watu 65 wenye presha iliyopanda kiasi na wasiotumia dawa. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa pointi 7.2, na waliokunywa kinywaji cha kuigiza ikashuka pointi 1.3. Ni faida ya kweli lakini ni ndogo, na haichukui nafasi ya dawa. Yeye yuko kwenye dawa tayari, kwa hiyo mambo mawili yanaweza kuharibika. La kwanza ni presha kushuka kupita kiasi, aone kizunguzungu akisimama. La pili, ambalo ndilo linaloumiza watu, ni kujiona nafuu akaacha vidonge. Amweleze daktari wake kwamba anakunywa rozela, aanze na kikombe kimoja, na apime presha kila wiki kwa saa ile ile. Na apunguze chumvi: achari, viazi karai vya kuchovya kwenye ukwaju wenye chumvi, supu za mtaani. Gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu anachokula, ndicho kiwango cha juu. Akiendelea na chumvi nyingi, rozela haitamfaa kitu.

Kipimo cha rozela ni kijiko kimoja cha chai cha maua makavu kwa kikombe. Mimina maji yaliyochemka, funika dakika sita, chuja. Usiipike kwenye sufuria ya alumini, hizi nyeupe nyepesi tunazopikia wali, kwa sababu asidi yake huikwangua. Tumia sufuria ya stili, birika la udongo au chombo cha kioo kinachostahimili moto.

Mronge ndio unaozungumziwa vibaya zaidi, na naumia kwa sababu ni mti mzuri mno. Utasikia kwamba gramu 100 za unga wake zina chuma kama miligramu 28. Namba hiyo haiko mbali na kweli, lakini nani anakula gramu 100? Kijiko cha chai ni gramu mbili na nusu hivi. Piga hesabu: miligramu 0.7 za chuma, na si chote kinachofyonzwa, kwa kuwa jani lenyewe lina vitu vinavyokishika. Ukiuloweka unga kisha ukachuja, kinapungua tena. Mronge ule kama mboga, kama wanavyoupika Wamijikenda. Chuma majani machanga, konzi tatu nne, uyapukute kwenye vijiti vyake, uyachemshe kidogo, uyapike kwa tui na kitunguu. Tui hapo lina kazi yake: vitamini A ya majani yale huhitaji mafuta ili mwili uipate. Unga ukiwa nao, unyunyize kwenye mchuzi ukiwa tayari jikoni au kwenye uji uliopoa kidogo, usiuchemshe. Ukijikaushia mwenyewe, kausha kivulini; jua kali huua vitamini A, na unga uliopauka ukawa wa manjano umeshapoteza kilicho bora. Kwa mjamzito majani ya mboga hayana ubaya, lakini mizizi na magamba ya mronge usiyaguse.

Tangawizi ina faida ya wazi kwako: hupunguza kichefuchefu cha mimba. Kiasi kilichofanyiwa utafiti ni kama gramu moja ya tangawizi kavu kwa siku. Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, basi gramu tano za mbichi, kipande kama kifundo cha mwisho cha kidole kidogo, ndicho kiasi chako cha siku nzima. Chuna kwa ukingo wa kijiko, usimenye kwa kisu, utatupa nyama yake. Kwaruza, tia kwenye maji mililita 300, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi. Ikikauka tangawizi huzidi ukali, kwa hiyo usibadilishe kavu kwa mbichi kipimo kwa kipimo. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu asinywe nyingi bila kumuuliza daktari.

Mchaichai ni harufu nzuri na maji mema, basi. Mwembamba, kikombe kimoja kwa siku, haukatazwi. Ule uliochemka mpaka ukawa mzito uache kwa sasa. Nanaa hutuliza tumbo lililojaa gesi lakini hulegeza mlango wa juu wa tumbo, hivyo mwenye kiungulia, na wajawazito wengi wanacho, huzidishiwa. Iliki na karafuu, punje mbili tatu, ni viungo tu vya harufu.

Mdalasini una neno moja. Ule wa ganda nene gumu, lililojikunja mkunjo mmoja, una kemikali iitwayo kumarini ambayo ikizidi kila siku huweza kudhuru ini. Ule wa maganda membamba kama karatasi, yaliyoviringwa tabaka juu ya tabaka na kuvunjika kwa vidole, una kidogo sana. Kijiti kidogo kwenye birika la familia hakina neno, ila zile kampeni za kunywa vijiko vya unga wake kila asubuhi zisikuingize. Na muarubaini usinywe kabisa ukiwa na mimba, hata ukiambiwa unatibu nini.

Kuhusu utengenezaji, kuna kanuni moja inayotosha: kigumu kichemshwe, kilaini kilowekwe. Tangawizi, mdalasini na iliki zinahitaji dakika kumi hadi kumi na tano za moto mdogo ili zitoe kilichomo. Majani laini kama nanaa na mrehani ukiyachemsha hivyo yanatoa uchungu na kupoteza harufu. Yakate, zima moto, yatie, funika dakika tano hadi kumi. Mchaichai uko katikati: osha vizuri maana makunjo yake huficha mchanga na vumbi, funga majani matatu manne fundo, uliponde kidogo kwa mchi, litie kwenye nusu lita ya maji, dakika tano za moto na tano za kufunikwa.

Kufunika si mapambo. Ile harufu unayoisikia chumba kizima wakati birika liko wazi ni mafuta ya jani yanayokuacha. Inua mfuniko baada ya dakika tano utazame chini yake: matone yaliyojikusanya yananukia kuliko chai yenyewe. Yakung'ute yarudi ndani. Kisha chuja kabla ya kutia kwenye thamosi. Watu huacha majani humo tangu alfajiri hadi adhuhuri, chai ikawa chungu, wakaitia sukari zaidi kuufunika ule uchungu.

Na sukari ndiyo inayobomoa faida yote tuliyoizungumza. Kijiko cha chai cha kufuta ni gramu nne; cha kulundika, kama tunavyochota wengi wetu, kinazidi hapo. Vijiko vitatu vya kufuta kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani lapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya kalori zote za siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia tano, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Asali inahesabiwa humo humo. Punguza nusu kijiko kila wiki, na uongeze iliki au mchaichai. Ulimi huzoea katika mwezi mmoja.

Maji nayo yana sehemu yake. Kuchemsha huua vijidudu, hakutoi chumvi ya kisima. Maji yanapopungua kwa moto chumvi huzidi kukolea. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, chai pika kwa maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya mwenye presha. Na baada ya kumimina, subiri. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Chai unayolazimika kuifyonza kwa kelele ili isikuunguze bado ina moto mno. Iache dakika tano.

Majani makavu ukinunua Marikiti au Kongowea, yafikiche kidogo uyanuse kabla ya kulipa. Yavunjike kwa sauti. Yakijikunja kama kitambaa yana unyevu, na unyevu wa pwani huzaa ukungu, hasa masika ya Aprili na Mei. Ukungu mwingine hutoa sumu isiyoisha kwa kuchemshwa. Tangawizi kavu au mdalasini wenye madoa ya kijivu tupa, usiukwangue ukautumia. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko. Mchanganyiko wa unga ambao muuzaji hawezi kukutajia kila kilichomo usiutie mdomoni, sembuse ukiwa na mimba.

Watoto niliwaacha mwisho lakini wamenishughulisha tangu niliposoma barua yako. Huyo wa mwaka na nusu yuko katika umri ambao chuma kinahitajika sana kwa ukuaji wa ubongo, na tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Kikombe cha chai na kipande cha mkate kinamshibisha, kinazuia kile chuma kidogo alichokipata, na hakimpi chochote badala yake. Asinywe chai, ya majani wala ya mitishamba. Mpe uji uliotiwa maziwa au karanga za kusaga laini, mbaazi zilizopondwa, samaki aliyetolewa miiba, na maji safi. Wa miaka minne naye ni hivyo hivyo. Akililia sana kikombe, kiwe cha saa kumi, chepesi, bila sukari, na si pamoja na chakula. Na huyo atakayezaliwa, kwa miezi sita ya kwanza asipewe kitu ila maziwa yako: si maji ya shamari, si ya bizari, si chai ya kutuliza tumbo. Asali asionje kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia.

Mama mkwe wako usimkatalie birika lake. Anakutakia heri, na mengi aliyosema yana msingi. Mwombe mabadiliko matatu: rozela iwe kwenye birika lake la pekee kwa ajili ya mwanawe, mronge uende kwenye chungu cha mboga, na chai ya familia itoke saa kumi badala ya kuletwa pamoja na sahani. Wewe rudi kliniki upimwe tena baada ya wiki nne za kumeza vidonge bila kukosa. Kama himoglobini haikupanda, waeleze hivyo, kwani huenda kuna sababu nyingine kama minyoo, malaria au selimundu (sickle cell) inayohitaji kutafutwa. Ukipata kuishiwa pumzi ukiwa umekaa, moyo kwenda mbio, kuzimia, au ukiona damu yoyote ikitoka, usingoje wiki nne, nenda hospitali siku hiyo hiyo.